Taa ya Betri na Fundi Asiyebahatisha

Ile taa nyekundu yenye umbo la betri kwenye dashibodi imewatia watu wengi hasara. Ikiwaka, mwenye gari anakimbilia duka la vipuri, ananunua betri mpya, na wiki haijaisha gari linagoma tena. Taa ile haipimi uzima wa betri. Inatoa habari kwamba umeme wa kuchaji hauendi sawasawa, basi. Nani kauzuia, haisemi. Huenda ni mkanda uliolegea, brashi zilizokwisha, dayodi iliyokufa, regyuleta, fyuzi, plagi iliyochomoka nusu au waya ulioliwa na kutu. Kumtambua mhusika bila kubahatisha ni ufundi kamili, na mafundi umeme wanaouweza wanastahili heshima kubwa kuliko wanayopewa.

Pale Gerezani, Dar es Salaam, yupo fundi mmoja ninayependa kumtazama akifanya kazi hiyo. Hafungui boneti kabla hajauliza. “Dada, iliwaka ghafla au ilianza kwa kufifia? Usukani ulikuwa mzito? Taa ya hendibreki nayo iliwaka?” Kila swali lina kazi yake. Katika magari mengi mkanda mmoja huzungusha alternata, pampu ya maji na pampu ya usukani, hivyo taa ya betri ikiambatana na usukani mzito na joto kupanda, mkanda umekatika na gari lisitembezwe hata hatua moja zaidi. Na katika magari kadhaa ya zamani ya Japani, taa hiyo ya hendibreki imeunganishwa na waya wa alternata. Zikiwaka zote mbili pamoja, anahakikisha hendibreki imeshushwa na mafuta ya breki yametimia, kisha anageukia alternata.

Halafu anaomba ufunguo. Anawasha swichi bila kupiga stata, kisha anatazama dashibodi. Hapo taa ya betri lazima iwake, na isipowaka ni dalili mbaya ambayo madereva wengi hawaijui. Katika mifumo mingi ya zamani, umeme wa betri hupita kwenye balbu ile kwenda kuamsha sumaku iliyo ndani ya alternata. Alternata ikishaanza kuzalisha, volti za pande zote mbili za balbu hulingana na taa huzimika yenyewe. Balbu ikiungua, alternata nzima inaweza kukaa bila kuchaji, na dereva asipate onyo lolote.

Kipimo chake ninachokipenda kuliko vyote hakihitaji mita. Injini ikiwa imezimwa na swichi imewashwa, anasogeza ncha ya bisibisi kwenye beringi ya nyuma ya alternata. Kwa alternata za kawaida, ikivutwa, brashi zinagusa na waya wa rota haujakatika. Isipovutwa, ameshajua pa kuanzia kabla hajalegeza nati hata moja.

Mita inafuata. Betri iliyopumzika ikiwa imejaa husoma takriban volti 12.6, na injini ikiwaka, kwa kawaida zipande hadi kati ya 13.8 na 14.5. Zikipita 15, regyuleta imeshindwa kazi, betri inachemka na balbu zinaungua moja baada ya nyingine. Lakini hatoi hukumu kwa namba moja. Kuna magari ya siku hizi ambayo kompyuta hupunguza chaji kwa makusudi ili kuokoa mafuta, kwa hiyo anawasha taa kubwa na feni ya kiyoyozi aone kama volti zitajiinua. Kisha anageuza mita ipime umeme wa AC palepale kwenye betri. Ikizidi nusu volti, anashuku dayodi, ile ile inayoweza kumaliza betri usiku gari likiwa limelala.

Kitu kimoja hakifanyi kamwe: kuchomoa tominali ya betri injini ikiwa inaunguruma ili aone kama gari litazima. Desturi hiyo bado ipo kwenye gereji nyingi na ni mbaya. Volti zinaruka ghafla, na zinaweza kuua kompyuta ya gari yenye bei kubwa kuliko alternata yenyewe.

Kuna gari lililoletwa kwake likiwa limeshabadilishwa betri, na bado taa iliwaka kila usiku taa kubwa zikiwashwa. Alternata ilisoma vizuri. Akaweka ncha moja ya mita kwenye boliti ya alternata na nyingine kwenye chanya ya betri, injini ikiwaka na taa zikiwa zimewashwa. Hapo tofauti haitakiwi kuzidi sehemu ndogo ya volti. Mita ikaonyesha zaidi ya volti 2. Umeme ulikuwa unapotelea njiani. Akaufuata waya kwa vidole hadi kwenye kichwa chake, kimebabuka kwa moto na kutu. Akakikata, akafunga kingine, akakaza. Alternata haikushushwa.

Kichwa cha waya kiligharimu pesa kidogo sana, na mwenye gari akaanza kulalamika kuhusu gharama ya ufundi. Ndugu msomaji, ukimpata fundi wa namna hii, usimlipe kwa uzito wa kipuri alichofunga. Mlipe vizuri, hasa siku anapokwambia alternata yako ni nzima.