Mchoro Usiomtaja Mshonaji: Uhakiki wa Michoro ya Mavazi ya Christian Dior

Makala haya yanahakiki michoro ya mavazi ya mbunifu Mfaransa Christian Dior (1905–1957), hususan ya mwishoni mwa miaka ya 1940. Hoja yake ni kwamba michoro hiyo husomwa visivyo inapochukuliwa kuwa kazi iliyokamilika ya msanii mmoja.

Usomaji huo una sababu zake. Kabla ya kufungua nyumba yake ya mitindo jijini Paris, Dior aliwahi kujikimu kwa kuwauzia wabunifu wengine michoro. Aidha, alipoonyesha mavazi yake ya kwanza tarehe 12 Februari 1947, katika jengo namba 30, Avenue Montaigne, umbo lake lilionekana kana kwamba limetoka karatasini moja kwa moja: mabega ya mviringo, kiuno chembamba na sketi pana. Umbo hilo aliliita Corolle, yaani duara la petali za ua.

Hata hivyo, kiuno hicho kinahitaji kuangaliwa upya. Karatasini, ni mistari miwili inayokaribiana. Katika vazi la Bar, lenye koti la hariri na sketi nyeusi ya sufu yenye marinda, kiuno hakitokani na wembamba wa mvaaji pekee. Kinatokana pia na koti kukatwa kwa kubana na kujazwa nyongani. Mchoro huonyesha matokeo bila kuonyesha njia. Kiisimu, unakaribiana zaidi na sentensi ya kuamrisha kuliko ya taarifa: husema vazi liweje, kisha humwachia mwingine kutafuta namna.

Ushahidi wa jambo hili unatoka kwa Dior mwenyewe. Katika kumbukumbu zake, *Christian Dior et moi* (1956), anaeleza jinsi michoro ilivyokabidhiwa kwa Marguerite Carré, naye akaigawa kwa wakuu wa vyumba vya ushonaji. Huko yalishonwa kwanza mavazi ya majaribio kwa kitambaa cheupe, ndipo mengine yakakubaliwa na mengine yakaachwa. Kwa hiyo, uamuzi wa kisanaa uliendelea baada ya kalamu kuwekwa chini, na mikono iliyoushiriki ilikuwa mingi.

Kiswahili kinampa mhakiki nyenzo ya kuliona hili. Anayesifu gauni mara nyingi husifu *mshono*. Nomino hiyo hutokana na kitenzi *shona*, hivyo sifa humwendea fundi. Lakini nayo ina upungufu wake: humsahau aliyeliwaza umbo, ambaye bila yeye vyumba vile visingekuwa na mwelekeo mmoja.

Makala yanahitimisha kwamba uhakiki wa mchoro wa vazi haujakamilika mpaka vazi lenyewe lichunguzwe upande wa ndani, kwenye mishono na vijazio. Kuishia karatasini ni kumpa mmoja sifa ya kazi ya wengi.