Miezi 24 kabla ya Bugando

Mwaka 2012 Joseph Mabula, Phillipo Chalya na wenzao walichapisha mapitio ya wagonjwa 64 wenye ualbino waliotibiwa saratani ya ngozi katika Hospitali ya Bugando, Mwanza, kati ya mwaka 2001 na 2010. Wengi wanaoyataja mapitio hayo hukimbilia umri, maana nusu ya wagonjwa hawakuwa wamevuka miaka 30 au ndiyo kwanza wameifikia. Mimi hunikaa akilini mambo mengine mawili. Hakuna hata mmoja ambaye saratani ilikuwa imemsambaa hadi viungo vya mbali alipogunduliwa. Na nusu ya wagonjwa walikuwa wamekaa na uvimbe au kidonda chao miezi 24 au zaidi kabla ya kufika hospitali. Maana yake ugonjwa ulikuwa umetoa muhula wa miaka miwili, na muhula huo ulipita bure.

Kwa nini hapa? Mwanza iko kama digrii mbili na nusu kusini mwa ikweta, zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari. Jua la mchana husimama karibu wima mwaka mzima, na wingu jepesi halizuii sana miale ya urujuanimno. Watu wa mwambao hulisingizia Ziwa Victoria kwamba ndilo linalorudisha jua usoni, lakini maji huakisi sehemu ndogo tu ya miale hiyo, chini ya moja ya kumi. Kinachoumiza ni wingi wa saa za juani: kuanika dagaa mchangani, kupalilia muhogo, kungoja kivuko. Ngozi isiyo na melanini ya kutosha haina cha kupunguzia mzigo huo, nao hujumlishwa tangu utotoni.

Robo tatu ya saratani zilizoonekana Bugando zilikuwa za aina ambayo madaktari huiita skwamasi, inayoanzia kwenye tabaka la juu la ngozi. Wagonjwa 46 kati ya 64 walikuwa na saratani kichwani au shingoni. Skwamasi haivamii ghafla. Mara nyingi hutanguliwa na kidoa kikavu chenye gamba, kwenye sikio, pua, kipaji au mdomo wa chini, na kidole hukigundua kabla ya jicho, kwa kuwa hukwaruza. Baadaye huwa kigumu, huuma, huchimbika na kuwa kidonda kisichofunga. Melanoma ni nadra kwa watu hawa, lakini ina hila yake: kwa kukosa rangi huweza kuwa ya waridi, na anayetafuta doa jeusi ataipita.

Kilichobadilika kuanzia mwaka 2013 ni mahali pa kuukamata ugonjwa. Kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilichopo katika hospitali ya KCMC, Moshi, kimekuwa kikiwafundisha maafisa tabibu kazi ya ngozi tangu miaka ya 1990. Shirika la Standing Voice likashirikiana nacho kufungua kliniki kuzunguka ziwa, kisiwa cha Ukerewe kikiwamo. Mtu hukaguliwa kuanzia utosini, na baada ya miezi sita hurudi akakaguliwa tena. Kidoa kikavu hupuliziwa naitrojeni ya kimiminika, yenye baridi ya nyuzi 196 chini ya sifuri, kwa sekunde chache. Ngozi huganda ikawa nyeupe, seli hupasuka, hutokea lengelenge, na baada ya wiki chache gamba hudondoka. Hakuna ganzi wala uzi, na mgonjwa halazwi. Huondoka na kofia pana na mafuta ya kukinga jua ya Kilisun, ya mradi ulioanzishwa KCMC na mfamasia Mhispania, Mafalda Soto.

Naitrojeni ina tabia moja inayoamua mengi: hupotea hewani kila saa hata ukiifunika. Mtungi ukishafika kisiwani, wagonjwa wote wanapaswa wawe wamekwisha kusanyika. Huwezi kumwambia mtu aje wiki ijayo. Kwa hiyo kalenda ndiyo inayobeba tiba, na kalenda hiyo ilihitaji ujasiri. Kuwaita watu wenye ualbino mahali pamoja, siku iliyotangazwa, si jambo jepesi katika kanda iliyotikiswa na mauaji yao kuanzia mwaka 2007, ambako kuna wazazi waliowaficha watoto ndani. Naamini hapo ndipo kazi kubwa zaidi ilifanyika, kuliko kwenye bomba la naitrojeni.

Kidonda kinachotiliwa shaka hakipuliziwi. Hukatwa kipande kidogo cha nyama, kikatiwa kwenye fomalini na kupelekwa maabara ya patholojia. Kikithibitika, daktari wa upasuaji huondoa uvimbe pamoja na ngozi inayoonekana nzima, milimita nne hadi sita pembeni kwa uvimbe usio wa hatari sana, na zaidi kwa ule mbaya. Hufunga uzi kwenye ukingo mmoja wa nyama aliyoitoa, ili mpatholojia akiona seli zimebaki aweze kusema ni upande gani. Mgongoni kukata kwa upana huo ni rahisi. Puani hakuna ngozi ya ziada. Inabidi kugeuza kipande cha shavu au kipaji, au kupandikiza ngozi kutoka nyuma ya sikio. Anayebana ukingo ili kuokoa sura anaweza kuiacha saratani ndani.

Miaka ya mapitio yale, mionzi ilipatikana katika Taasisi ya Saratani ya Ocean Road pekee, Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 1,000 kwa barabara. Mionzi haitolewi mara moja. Ni dozi za kila siku kwa wiki kadhaa, na mgonjwa lazima apate pa kulala na cha kula. Wagonjwa 27 kati ya 64 hawakumaliza matibabu kwa kukosa fedha. Leo Bugando ina mashine yake, na ni haki kuisifu. Lakini kwa saratani hii mionzi ni ngazi ya mwisho: anayeifikia, kwa kawaida, alikuwa na miezi mingi ya kukamatwa mapema.

Pengo ninaloliona kubwa zaidi liko baada ya kisu. Wagonjwa 37 tu ndio waliopatikana kuangaliwa tena katika miezi 6 hadi 12, muda ambao kovu na tezi za shingo zinahitaji kupapaswa. Jibu la patholojia likisema ukingo mmoja haukuwa salama, naye mgonjwa amesharudi kisiwani Ukara, jibu hilo halina kazi. Fomu ya maabara iwe na namba ya simu ya mgonjwa, ya ndugu na ya zahanati ya karibu. Na muuguzi wa zahanati hiyo, mtu mwenye ualbino anapokuja kwa malaria, apitishe kidole kwenye masikio na mdomo wa chini kabla hajaandika dawa. Hilo halisubiri mtungi wa naitrojeni.