Kinanda Kinavuma, Maiki Imetulia

Ingia karibu kanisa lolote la Ngara au Biharamulo siku kwaya inapojaribu vyombo, utakuta jambo lile lile. Maiki nne au tano zimewashwa na zimetulia. Kinanda kikichomekwa tu, spika zinaanza kuvuma kama mashine ya kusaga iliyo mtaa wa pili. Miksa ni moja, umeme ni mmoja, na huenda waya wa kinanda ndio ulionunuliwa kwa bei kubwa kuliko zote. Lawama huangukia kinanda, kisha TANESCO, kisha jenereta. Mara nyingi wote watatu wanaonewa.

Ukilitazama vizuri, maiki ndiyo iliyopaswa kuvuma. Maiki ya kuimbia kama Shure SM58 hutoa milivolti chache tu mtu anapoimba kwa nguvu, wakati kinanda hutoa karibu volti 1. Miksa inalazimika kuikuza sauti ya maiki mara mia kadhaa, na kelele yoyote iliyoingia njiani inakuzwa pamoja nayo. Bado maiki imenyamaza na kinanda kinavuma. Tofauti ni namna vilivyounganishwa.

Waya wa maiki, ule wenye plagi za XLR, umebeba njia tatu: nyaya mbili za ndani zilizosokotwa pamoja, na wavu wa shaba unaozizunguka. Wavu unakwenda pini 1, nyaya mbili zinakwenda pini 2 na 3. Sauti inasafiri kati ya pini 2 na pini 3, na miksa inasoma tofauti iliyopo kati yake, basi. Mvumo wa umeme ukiupiga waya huo njiani, unaziingia nyaya zote mbili kwa kiasi kilekile, kwa sababu zimesokotwa na kila moja imekaa mahali pa mwenzake. Miksa ikitoa moja kwenye nyingine, mvumo unajifuta. Hii ndiyo balansi. Haikuanzia kwenye muziki: Alexander Graham Bell alipata hataza ya nyaya mbili zilizosokotwa mwaka 1881, kwa ajili ya simu.

Waya wa kinanda una waya mmoja wa ndani na wavu tu, na wavu huo umetwishwa kazi mbili: kuzuia kelele, na kuwa njia ya kurudishia sauti. Chochote kinachopita kwenye wavu kinahesabiwa na miksa kuwa ni muziki.

Mafundi wengi hueleza kwamba siri ya balansi ni wimbi moja kupanda wakati jingine linashuka. Maelezo hayo yanapendeza ubaoni lakini yanapotosha. Kinachofuta kelele ni kwamba nyaya mbili zina ukinzani ulio sawa kuelekea ardhini, ili kelele iziingie kwa usawa. Ndiyo maana kuna miksa zinazotoa sauti kwenye pini 2 pekee, pini 3 ikiwa imefungwa rezista tu ya thamani ileile, na bado zinanyamazisha mvumo vizuri kabisa. Hapa ndipo pesa za kwaya hupotelea. Balansi haimo ndani ya kebo. Imo katika chombo kinachotoa na chombo kinachopokea; kebo inaipitisha tu. Ukinunua kebo nzuri ya balansi Mwanza au Kahama ukaichomeka kwenye kinanda ambacho tundu lake si la balansi, umenunua waya imara. Mvumo utabaki palepale. Vinanda vingi vya nyumbani, vile vya Yamaha na Casio vinavyoonekana makanisani, havina tundu la balansi.

Chukua mpangilio wa kanisa moja la upande wa Rulenge, ambao ni mpangilio wa makanisa mengi. Kinanda kiko mbele karibu na altare, miksa iko nyuma mlangoni, umbali wa mita 25 hivi ukifuata ukuta. Mpiga kinanda ana amplifaya yake ndogo ya kujisikilizia, yenye plagi ya pini tatu, imechomekwa kwenye soketi ya mbele. Miksa imechomekwa kwenye soketi ya nyuma. Kinanda chenyewe kinatumia adapta ya pini mbili, kwa hiyo hakina erthi. Fundi wa kwanza aliyeitwa akasema basi hakiwezi kuwa na tatizo la erthi. Lakini kinanda kimeunganishwa na amplifaya yenye erthi ya mbele, kisha na miksa yenye erthi ya nyuma, na wavu wa waya wake umezishikanisha erthi hizo mbili. Umepatikana mzingo mkubwa unaolizunguka kanisa zima, na erthi za soketi mbili hazikosi kutofautiana. Tuseme tofauti ni milivolti 20. Kwa kinanda kinachotoa volti 1, hiyo ni sehemu moja ya hamsini ya muziki, na katika wimbo wa taratibu itasikika hadi benchi la mwisho. Umeme wetu ni wa hezi 50. Mvumo unasikika hapo na kwenye hezi 100.

Tiba ilikuwa na hatua mbili. Ya kwanza haikugharimu kitu: kuvuta ekstensheni moja ili amplifaya ya mbele na miksa vipate umeme kwenye soketi moja. Mvumo ulipungua sana, haukuisha. Ya pili ni kisanduku cha DI, kilichowekwa karibu na kinanda, si karibu na miksa. Hapo ndipo wengi hukosea. Ndani ya DI isiyotumia umeme kuna transfoma ndogo ambayo upande mmoja haukugusana kwa waya na upande wa pili. Sauti inavuka kwa sumaku. Transfoma ya kawaida ina uwiano wa 12 kwa 1, kwa hiyo volti 1 ya kinanda inatoka ikiwa kama milivolti 80, na kuanzia hapo inasafiri mita 25 kwenye waya wa maiki ikiwa na balansi ya kweli. Pembeni ya kisanduku kuna swichi ya kukata erthi. Ukiisukuma, wavu unabaki umeshikwa na miksa peke yake, na mzingo umekatika. Waya usio na balansi ulibaki mita 1 au 2 tu, kati ya kinanda na kisanduku.

Kuna njia nyingine ya kukata erthi ambayo nimeikuta zaidi ya inavyostahili: kuvunja pini ya tatu ya plagi ya amplifaya ya gitaa, au kuifunga tepu nyeusi. Mvumo unaisha kweli. Kilichoisha pamoja nao ni kinga ya mpiga gitaa. Siku amplifaya hiyo ikipata hitilafu ndani, nyuzi za gitaa zinaweza kubeba volti 230, na midomo ya mpigaji iko kwenye maiki ya chuma iliyoshikwa na erthi ya miksa. Swichi ya DI inakata wavu wa sauti. Haigusi erthi ya umeme, ambayo haipaswi kuguswa na mtu yeyote anayetafuta utulivu wa spika.

Kuhusu chanzo cha umeme, nitapita haraka. Kwa miaka mingi Ngara na Biharamulo zilikuwa nje ya gridi ya taifa, zikitegemea mitambo ya dizeli, na hata sasa vijiji vingi vinafanya mikutano yao kwa jenereta ndogo ya petroli au sola yenye inverta. Jenereta ikizidiwa mzigo, mvumo unapanda na kushuka pamoja na mashine, na hilo lina faida ya kumwambia fundi kelele inatoka wapi. Inverta ya bei rahisi ni mbaya zaidi, kwa sababu umeme wake una kona kali, nayo huleta mlio wa kukwaruza badala ya mvumo mnene. Maradhi yanatofautiana sauti. Dawa ya balansi ni ileile.

Sasa kebo zenyewe. Fungua baadhi ya kebo za maiki zinazouzwa bei ya chini, hasa zile zenye XLR upande mmoja na jeki kubwa ya inchi robo upande wa pili. Fungua skrubu ndogo, vuta ganda la plagi, utaona wavu umesokotwa na kulehemiwa pini 1, kisha kipande kifupi cha waya kimeruka kutoka pini 1 hadi pini 3. Waya wa ndani ni mmoja. Pini ni tatu, njia ni mbili. Maiki itasikika, ila balansi imekufa ndani ya plagi. Si lazima ufungue: chukua multimita, weka kwenye mlio, chomoa kebo pande zote mbili, gusa pini 1 na pini 3. Ikilia, hiyo si kebo ya maiki. Fundi mwenye multimita dukani huwaudhi wauzaji, lakini apime tu.

Mtego mkubwa kuliko huo uko kwenye jeki zenye pete mbili nyeusi. Jeki ya balansi na jeki ya stirio zinafanana kabisa, kwa sababu ni jeki moja yenye matumizi mawili. Kwaya nyingi siku hizi huimba kwa kufuata wimbo uliorekodiwa, wakipiga kutoka kwenye simu. Mtu anatafuta kebo yenye jeki ndogo upande mmoja na XLR upande mwingine, anachomeka kwenye njia ya maiki, na sauti ya mwimbaji inatoweka. Ngoma zimefifia, besi haipo, kimebaki kivuli cha mwangwi. Simu imetuma kushoto kwenye pini 2 na kulia kwenye pini 3, na miksa imefanya kazi yake kwa uaminifu: imetoa moja kwenye nyingine. Kila kilichokuwa katikati, yaani kilichofanana pande zote mbili, kimefutwa kama mvumo. Tundu la hedifoni la kinanda lina tabia hiyohiyo. Dawa ni waya unaogawanya kushoto na kulia kwenye njia mbili za miksa, au DI yenye matundu mawili. Na kabla ya kuchomeka simu kwenye njia ya maiki, angalia kama swichi ya volti 48, ule umeme wa maiki za kondensa, imezimwa. Katika miksa ndogo, swichi moja huwasha njia zote kwa pamoja.

Gitaa ni habari nyingine. Watu hudai kwamba waya mrefu usio na balansi unakula sauti za juu, wakitumia dai hilo kwa kila chombo. Kwa kinanda si kweli. Waya wa kawaida una takriban pikofaradi 100 kwa kila mita. Mita 25 ni pikofaradi 2,500, na kwa kinanda chenye ukinzani wa omu 1,000 sauti zinaanza kupungua karibu hezi 64,000, mahali ambapo popo tu ndio wangelalamika. Kwa gitaa la umeme lisilo na betri ni kweli tupu. Koili yake ikiwa na henri 3, waya wa mita 5 unauweka mng'aro wa nyuzi karibu hezi 4,000. Waya wa mita 20 unaushusha hadi 2,000, na gitaa linasikika kama limefunikwa blanketi. Kwa hiyo gitaa linahitaji waya mfupi kwa sababu ya mng'aro wake, kinanda kinauhitaji kwa sababu ya mvumo, na vyote viwili vinaishia kwenye DI iliyo mbele.

Kuna mazingira ambayo hata balansi nzuri hushindwa, na Ngara inayajua kwa sababu ni mji wenye redio. Shirika la Wajesuiti la kuhudumia wakimbizi, JRS, lilianzisha Radio Kwizera hapa mwaka 1995, wakati kambi kama Benaco na Lumasi zilikuwa zimejaa Wanyarwanda. Mwaka huohuo, mbali sana na hapa, mhandisi wa sauti Neil Muncy alichapisha katika jarida la Audio Engineering Society uchambuzi ambao mafundi wa studio bado wanaurejea. Alionyesha kwamba vifaa vingi vya balansi vinavuma kwa kosa la mtengenezaji: pini 1 imeunganishwa na sakiti ya ndani badala ya bodi ya chuma. Wavu unakusanya uchafu wote wa njiani kisha unaupeleka moja kwa moja kwenye moyo wa kifaa.

Kwa mtu anayefanya kazi karibu na mnara wa FM, kosa hilo ni kubwa kuliko mvumo wa umeme. Mawimbi ya FM yana urefu wa karibu mita 3, hivyo waya wa sentimita 75, urefu wa kawaida kabisa kati ya miksa na kompyuta, ni antena safi. Simu iliyowekwa juu ya miksa inafanya vivyo hivyo kwa mlio wake wa trr-trr wa hezi 217. Ukisokota nyaya utakavyo, wavu ulioishia ndani ya sakiti utayaleta yote mezani. Tiba yake ni ya koleo na pasi ya kuchomelea: kipande kifupi na kinene cha waya kutoka pini 1 hadi bodi ya chuma, palepale tundu lilipo, na ile njia nyembamba ya shaba inayoipeleka pini 1 kwenye sakiti inakatwa.