Tarakimu Sitini

Mwaka 2024 karibu kila nyumba ya Tanzania yenye mita ya LUKU ilitakiwa kufanya jambo ambalo haikuwahi kufanya kabla. Mtu akinunua umeme alipokea tarakimu 60 badala ya zile 20 alizozizoea. Zilikuja katika makundi matatu, naye akaelekezwa aziingize kwa mpangilio: kundi la kwanza, kisha la pili, kisha la tatu. Mwisho wa zoezi hilo ulikuwa tarehe 24 Novemba 2024. Sababu, kwa jinsi ilivyotufikia wengi wetu kwa redio na kwa magari ya matangazo, ilikuwa neno moja tu: maboresho. Mfumo unaboreshwa. Mita zinaboreshwa. Ingiza namba.

Kazi yenyewe sina ugomvi nayo. Ilikuwa ya lazima, na kwa kadiri nilivyoona ilifanyika vizuri. Ugomvi wangu ni na neno hilo, na zaidi na desturi yetu ya kutangaza habari za mitambo kana kwamba msomaji anahitaji amri na tarehe, lakini hahitaji sababu. Maboresho ni neno linaloweza kubeba chochote. Barabara ikifungwa ni maboresho, bei ya kifurushi cha simu ikibadilika ni maboresho, na mtambo ukiharibika ukazimwa siku nzima, hayo nayo ni maboresho. Mtu aliyelisikia neno hilo mara nyingi ana haki ya kushika mfuko wake kila linapotamkwa.

Huku Terrat, ambako ni ndani ya Jiji la Arusha ingawa mgeni anayekutana na ng'ombe njiani hawezi kuamini, neno hilo lilizaa maneno mengine haraka sana. Wapo waliosema kwamba namba mbili za mwanzo zilikuwa za kupandisha bei kimyakimya. Wengine walisema mita sasa itajua nani yumo ndani ya nyumba na anatumia chombo gani. Yalikuwapo pia ya kwamba usiku wa tarehe 24 taa zote za wasioingiza zingezimika kwa pamoja, na kwamba yuniti zilizobaki kwenye mita zingefutwa, hivyo afadhali mtu azimalize kwanza. Nilimkuta bibi mmoja jirani yangu kwenye kibanda cha wakala, ameshika karatasi ambayo kijana alimwandikia namba zake.

"Shikamoo, bibi," nilimwambia.

"Marahaba, baba. Hebu nisaidie. Umeme wangu uko kwenye namba ipi hapa?"

"Uko kwenye ya tatu, bibi."

"Na hizi mbili za kwanza nimenunua nini?"

Kabla sijajibu, wakala akadakia kutoka dirishani, bila ubaya wowote: "Ni mfumo huo, bibi. We ingiza tu."

Swali la bibi lilikuwa swali la mtu anayejua kununua. Umetoa pesa, umepewa vitu vitatu, unataka kujua kila kimoja ni nini. Jibu lake lipo, tena halihitaji mtu aliyesoma uhandisi.

Mita ya LUKU haijaunganishwa na ofisi yoyote ili ipokee umeme ulionunua. Kinachobeba taarifa kutoka kwa muuzaji hadi kwenye mita ni wewe mwenyewe, kwa kidole chako, kupitia zile tarakimu 20. Kompyuta ya muuzaji inapotengeneza namba hiyo, huweka ndani yake idadi ya yuniti ulizonunua, kisha huifumba kwa ufunguo wa siri wa mita yako peke yake. Ndiyo maana tokeni yako haifanyi kazi kwa jirani. Lakini hapo kuna tatizo ambalo waliobuni utaratibu huu, kule Afrika Kusini mwanzoni mwa miaka ya 1990, walilazimika kulitatua. Ni nini kitamzuia mtu kuingiza namba ileile mara mbili, au mara mia? Walichofanya ni kuipiga kila tokeni mhuri wa wakati: idadi ya dakika zilizopita tangu tarehe 1 Januari 1993. Mita huziweka kumbukumbuni tokeni ilizokwisha kupokea. Ikiletewa yenye mhuri unaofanana na mmojawapo, au mhuri wa zamani kuliko ile ya zamani kabisa iliyomo kumbukumbuni, huikataa.

Sasa, nafasi ya kuandikia dakika hizo haikuwa kubwa. Namba nzima ilipaswa kuwa fupi, kwa sababu binadamu ndiye atakayeiandika. Nafasi iliyotengwa inaweza kuhesabu dakika 16,777,216 tu, ambazo ni karibu miaka 32. Ukianza kuhesabu tangu Januari 1993, dakika hizo zinakwisha tarehe 24 Novemba 2024. Zikiisha, hesabu hurudi sifuri.

Wakazi wa Arusha tunalifahamu jambo hili kuliko tunavyodhani, maana mji wetu umejaa Land Rover za zamani. Kile kipimo cha kilomita kwenye dashibodi kina magurudumu matano ya namba. Gari likifika 99,999, kilomita inayofuata linasoma 00,000. Injini haijui chochote, gari linaendelea kwenda, lakini fundi anayetazama kipimo bila kujua historia atadhani gari limetoka kiwandani jana. Mita za LUKU zingefanya vivyo hivyo. Tokeni iliyonunuliwa Desemba 2024 ingeonekana kama ya mwaka 1993, na mita kwa uaminifu wake wote ingeikataa kama tokeni iliyochakaa.

Kwa hiyo zile namba mbili za mwanzo zilikuwa ufunguo mpya, uliogawanywa vipande viwili kwa kuwa haukutosha katika kimoja. Ufunguo huo uliiambia mita ifute kumbukumbu ya tokeni za zamani na ianze kupokea mihuri inayohesabiwa kutoka mwaka 2014. Hapo bibi angekuwa amejibiwa. Hakununua kitu kwa namba hizo. Alikuwa amepewa bure, na kwa hakika alikuwa akifanya kazi ya fundi ambaye vinginevyo angelazimika kupita nyumba kwa nyumba.

Ukiyajua hayo, yale maneno ya mtaani yanajibika moja baada ya jingine. Taa zisingezimika usiku wa tarehe 24, kwa sababu mita hailinganishi kalenda, inalinganisha mihuri. Mwenye yuniti kwenye mita angeendelea kuzitumia mpaka ziishe, na hapo ndipo angegundua kwamba haipokei nyingine. Yuniti zilizokuwa ndani hazikufutwa. Kilichoweza kupotea ni tokeni ya zamani iliyonunuliwa na kuwekwa mfukoni bila kuingizwa, kwa sababu ufunguo mpya haufungui kufuli ya zamani, wala wa zamani haufungui mpya. Hilo lilikuwa onyo la maana kuliko yote, nami nililisikia kwa nadra kuliko yote. Kuhusu kupeleleza nyumba, namba mbili za tarakimu 20 zinazoingia kwenye mita haziwezi kuipa mita isiyo na mawasiliano njia ya kutoa habari nje.

Limebaki la bei, nalo linanifanya nisiwacheke majirani. Namba zile hazikubeba bei. Bei haimo ndani ya mita. Hesabu ya shilingi kugeuka yuniti hufanyika kwa muuzaji, kabla tokeni haijatengenezwa. Hata hivyo watu walikuwa na kumbukumbu. Agosti 2021 kodi ya majengo ilianza kukatwa kupitia LUKU, shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, na Julai 2023 ikawa 1,500. Mteja wa kawaida aliyezoea kupata takriban yuniti 28 kwa shilingi 10,000 alijikuta, katika ununuzi wa kwanza wa mwezi, akipata kama 24. Mara nyingi aliyekatwa alikuwa mpangaji, ambaye hata bati la jengo hilo si lake. Mtu aliyekwisha kuiona mita ya umeme ikigeuka kuwa mtoza kodi, ukimwambia miaka mitatu baadaye kwamba mita hiyohiyo inaboreshwa na aingize namba asizozijua, unataka afikiri nini? Shaka yake ilikuwa ya mtu mwenye akili. Ilikosea mahali, basi.

Na ujumbe wa simu unaokuja na tokeni haukumsaidia. Mwaka 2024 ulijaa vifupisho: VAT asilimia 18, REA asilimia 3, EWURA asilimia 1. Ukweli wote umo humo ndani, mpaka senti ya mwisho, lakini umeandikwa kwa namna ya kumwonyesha mkaguzi wa hesabu na si mama anayeuza maandazi.

Kuna kosa jingine la lugha lililo jirani na hili. Mei 2021 mfumo wa kuuzia umeme wa LUKU ulikwama nchini, watu wakajaa kwenye ofisi za shirika wakitafuta tokeni, na waziri wa nishati wa wakati huo akawasimamisha kazi maofisa wa TEHAMA. Habari nyingi nilizozisikia zilisema LUKU imeharibika. Wapo waliofungua vifuniko vya mita zao kuzitazama, na wapo waliowatafuta mafundi wa mtaani. Mita hazikuwa na kosa lolote. Kilichokwama kilikuwa duka. Ni sawasawa na kusema gari limeharibika kwa sababu kituo cha mafuta kimefungwa. Mwaka 2021 duka lilikwama mita zikiwa nzima, na mwaka 2024 duka lilikuwa zima lakini mita zilikaribia mwisho wa hesabu yake. Haya ni mambo mawili yaliyo kinyume kabisa, yanayodai hatua tofauti kutoka kwa mteja na kutoka kwa mwenye dhamana. Sisi tuliyaita yote mfumo.

Wenye umri wangu wanakumbuka hofu ya mwaka 2000, kompyuta zilizoandika mwaka kwa tarakimu mbili na kutishia kudhani 2000 ni 1900. Ni tatizo la ukoo mmoja na hili la mita. Dunia ilitumia fedha nyingi kurekebisha, Januari mosi ikapita kwa utulivu, na mpaka leo utasikia watu wakisema ulikuwa uzushi. Tarehe 25 Novemba 2024 nayo ilipita kwa utulivu. Asubuhi hiyo kijana mmoja alinionyesha kwa furaha nyumba ya mtu ambaye hakuingiza chochote na taa inawaka. Alikuwa na yuniti za kutosha kwenye mita, basi. Lakini kijana alikwisha kufikia uamuzi wake kwamba tulidanganywa. Nilipomweleza habari ya dakika aliniuliza kwa nini hawakusema hivyo tangu mwanzo.

Watetezi wa matangazo mafupi huniambia kwamba wananchi hawataki hesabu za dakika, kwamba muda wa redio ni ghali, na kwamba aliyetaka kujua zaidi angeweza kupiga simu akaelezwa. La tatu ni kweli, na waliouliza wakaelezwa hawakosi. La kwanza sikubaliani nalo hata kidogo, nikimfikiria bibi na karatasi yake. Kuhusu muda wa redio, nimejaribu mwenyewe. Tangazo ambalo ningependa kulisikia ni hili:

"Ndugu mteja, kila tokeni ya umeme ina mhuri wa dakika zilizopita tangu Januari 1993, na kwa mhuri huo mita yako hutambua tokeni iliyokwisha kutumika. Hesabu hiyo itajaa tarehe 24 Novemba 2024, na baada ya hapo mita itazikataa tokeni mpya. Tunakupa bure namba mbili za kuianza hesabu upya. Hazipandishi bei wala hazifuti yuniti zako. Kama una tokeni ya zamani hujaiingiza, iingize kwanza. Kisha namba hizi mbili. Kisha ya umeme. Usipofanya hivyo taa hazitazimika siku hiyo, ila hutaweza kuongeza umeme mwingine."

Nimelisoma kwa sauti, bila haraka, saa iko mkononi. Halikuchukua dakika moja.

Mita zilizorekebishwa zitajaa tena Novemba 2045. Nilipomwambia bibi habari hiyo, alitaka kujua kama safari hiyo makundi yatakuwa matatu tena au yatakuwa manne.