Stars ilipogeuka kambi ya klabu

Usiku wa tarehe 2 Agosti 2025 kibanda umiza cha hapa Peramiho kilijaa hadi nje. Agosti kwetu ni baridi na vumbi. Mahindi yamekwisha kupukuchuliwa, magunia yamepangwa, watu wanaisubiri NFRA, wakala wa serikali wa hifadhi ya chakula, ije kununua, kwa hiyo jioni mtu ana nafasi ya mpira. Kwenye televisheni Taifa Stars walikuwa wanafungua CHAN pale kwa Mkapa dhidi ya Burkina Faso, na wakashinda 2-0. Nyuma yangu bwana mmoja wa Yanga, aliyevaa koti zito kama yuko Makete, hakushangilia sana. Alikuwa anahesabu. "Hawa wote ni wetu," alisema. "Sasa huko klabuni wanafanya mazoezi kina nani?"

Swali lake ndilo limenifanya niandike. Tulizungumza mengi kuhusu Stars kufika robo fainali ya CHAN kwa mara ya kwanza, baada ya kuishia makundi mwaka 2009 kule Ivory Coast na tena Cameroon katika fainali za 2020. Kilichosemwa kidogo ni namna ilivyofanyika, na nani aliyelipia.

Tuanze na kalenda, maana siri kubwa iko humo. CHAN ni mashindano ya wachezaji wanaocheza ligi za ndani ya nchi zao tu. Ingechezwa Februari 2025, lakini katikati ya Januari CAF wakaisogeza hadi Agosti. Kwa Februari ingeikata ligi kiunoni. Kwa Agosti ikaikata ligi miguu, kwa kuwa Agosti ndio mwezi ambao klabu zetu hujenga msimu: mbio za asubuhi, mazoezi ya nguvu, mechi za kirafiki, kocha mpya kufundisha mfumo wake. Na msimu uliotangulia ulikuwa umechelewa kuisha. Dabi ya Kariakoo iliyoahirishwa Machi 8 ilikuja kuchezwa Juni 25, Yanga wakashinda 2-0, na siku nne baadaye, Juni 29, wakacheza fainali ya Kombe la Shirikisho la TFF na Singida Black Stars kule Zanzibar. Kutoka fainali ile hadi filimbi ya kwanza ya CHAN ni siku 34. Mtu aliyecheza zote alitakiwa ndani ya siku hizo apumzike, aanze upya, na aingie kambi ya taifa.

Katika hali hiyo kocha Hemed Suleiman, ambaye wote tunamwita Morocco, hakuwa na muda wa kubuni timu mpya. Alifanya jambo la akili: aliazima miunganiko iliyokwisha kuiva klabuni. Safu ya nyuma aliijenga juu ya Shomari Kapombe, Dickson Job, Ibrahim Hamad "Bacca" na Mohamed Hussein "Tshabalala". Job na Bacca ni mabeki wa kati wa Yanga, wanaelewana bila kupigiana kelele: mmoja akitoka kumfuata mshambuliaji, mwingine anajua ashuke wapi. Pembeni, Kapombe na Tshabalala walikuwa pamoja Simba tangu 2017. Misimu minane! Hapo hakuna cha kufundisha. Namba mbili akipanda, namba tatu anabaki, na kinyume chake. Kitu hicho huwezi kukiingiza kichwani mwa mtu kwa wiki tatu za kambi.

Matokeo yake yanaonekana kwenye mabao. Dhidi ya Burkina Faso, Abdul Suleiman "Sopu" wa Azam alifunga penalti mwishoni mwa kipindi cha kwanza, kisha dakika ya 71 Tshabalala akaongeza la pili. Siku nne baadaye, dhidi ya Mauritania, mchezo ulikuwa umeganda kama uji wa jana hadi dakika ya 89, Kapombe akafunga. Mechi mbili, mabao matatu, mawili yakatoka kwa mabeki wa pembeni. Wapo waliosema ni bahati. Mimi nasema hapana: timu isiyo na muda wa kuunda mashambulizi ya katikati, ambako pasi zinahitaji kuzoeana, huenda pembeni, na beki wa pembeni anayejua kwamba mwenzake wa upande wa pili amebaki ndiye anayethubutu kuingia kwenye boksi.

Dhidi ya Madagascar tulimwona Clement Mzize akifunga mawili ndani ya dakika 20 za mwanzo, ikaisha 2-1. Sare ya 0-0 na Jamhuri ya Afrika ya Kati ikaifunga hesabu: pointi 10, kinara wa kundi, bao moja tu limeingia nyavuni mwetu katika mechi nne. Halafu Agosti 22 wakaja Morocco. Oussama Lamlioui alifunga dakika ya 65 na safari ikaishia hapo. Morocco walikwenda kulibeba kombe Nairobi kwa kuwafunga Madagascar 3-2, na Lamlioui ndiye aliyekuwa mfungaji bora. Sitaing'ang'ania mechi ile. Tulizidiwa na timu yenye benchi refu zaidi, basi.

Turudi kwa bwana wa koti zito. Msimu huo klabu ya Ligi Kuu iliruhusiwa kusajili wachezaji 12 wa kigeni. Kwa Simba na Yanga, basi, Agosti timu ilikuwa imepasuliwa vipande viwili. Mapro walikuwa na kocha wa klabu, wakijifunza mfumo bila mechi za ushindani. Wazawa walikuwa Stars, wana mechi za ushindani miguuni, lakini mfumo wa klabu hawajauona. Kundi moja lilikuwa na somo bila mtihani, jingine lina mtihani bila somo.

Mtu atasema: lakini Stars walitolewa Agosti 22 na Ngao ya Jamii, Simba na Yanga, ilikuwa Septemba 16, si kuna siku 25? Zihesabu vizuri. Septemba 1 hadi 9 ilikuwa kalenda ya FIFA, Stars wakaenda Brazzaville wakatoka 1-1 na Congo tarehe 5, wakarudi Zanzibar wakafungwa 1-0 na Niger tarehe 9. Zilizobaki mikononi mwa kocha wa klabu ni siku tisa za mwisho wa Agosti na sita za kabla ya Ngao. Siku 15, na hapo hujatoa hata moja ya mapumziko. Hata Simba Day, ambayo kwa mazoea huangukia Nanenane, mwaka huo ilisogezwa hadi Septemba 10, siku moja tu baada ya mechi ya Niger.

Mzigo huo haukuwa sawa kwa kila mtu. Simba walianza na Fadlu Davids, aliyekuwepo tangu 2024 na aliyewafikisha fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika dhidi ya RS Berkane. Wazawa wake alikuwa anawajua hata wakiwa usingizini. Yanga walikuwa na Romain Folz, mgeni kabisa. Kwa hesabu za karatasi Yanga ndio walikuwa na hasara kubwa. Hata hivyo, Septemba 16 Yanga ndio walioshinda, 1-0, bao la Pacôme Zouzoua, ambaye ni raia wa Ivory Coast na hakuwa na shughuli yoyote na CHAN.

Nadhani kuna kitu kilichowabeba Yanga ambacho hakikupangwa na mtu. Katika dirisha lile lile la usajili Tshabalala alihama Msimbazi kwenda Jangwani. Maana yake, wakati Job na Bacca wanacheza naye Stars, walikuwa wanamzoesha beki mpya wa Yanga kwa gharama ya taifa! Simba nao walipata kidogo: Yakoub Suleiman, kipa aliyetoka JKT Tanzania, alikuwa amekwisha kusimama nyuma ya Kapombe kwenye CHAN kabla hajavaa jezi nyekundu. Kwa hiyo kambi ya Stars iliyodaiwa kuziibia klabu maandalizi iliziandalia ukuta. Ilichoshindwa kuziandalia ni mbele, ambako mapro na wazawa wanatakiwa kukutana. Na ndiko Yanga walikolalamikiwa na mashabiki wao wiki zilizofuata, mpaka Folz akaondoka Oktoba 18 baada ya kufungwa 1-0 na Silver Strikers kule Malawi. Simtetei Folz. Ila sitasahau zile siku 15.

Wenzetu wa besiboli wana ugonjwa huu huu wa taifa kuchukua wachezaji klabu zikijiandaa, na dawa yao inanivutia. Mchezo huo kwetu unafahamika kidogo, labda kwa vijana waliopita kwenye uwanja wa Azania, Dar es Salaam. Mashindano yao ya dunia huchezwa Machi, wakati klabu za Marekani ziko kwenye mazoezi ya kuanza msimu. Mwaka 2023 mrushaji Edwin Díaz wa New York Mets aliumia goti akishangilia ushindi wa Puerto Rico. Hakuwa hata anacheza, alikuwa anarukaruka na wenzake, na msimu wake wote ukaishia pale. Lakini angalieni kanuni yao: katika mashindano yale mrushaji hakuruhusiwa kurusha zaidi ya mipira 65 hatua ya makundi, 80 robo fainali, na 95 kuanzia nusu fainali. Taifa linamtumia nyota, ila kanuni imeweka kizibo kwenye chupa. Mzigo unapanda taratibu kama mwili unavyopanda.

Mpira wa miguu hauna kizibo cha namna hiyo. Mzize angecheza dakika zote za CHAN na hakuna kanuni ambayo ingemzuia kocha Morocco. Kinachobaki ni kocha wa taifa na kocha wa klabu kupigiana simu, na kwetu simu hizo hupigwa zaidi baada ya mtu kuumia kuliko kabla.

Siku ya Ngao nilirudi kibandani. Bwana wa koti alikuwa pale pale, safari hii bila koti, maana Septemba jua limeanza kurudi Ungoni. Kwa ramani ya uwanja, namba mbili wa Simba, Kapombe, na namba tatu wa Yanga, Tshabalala, hukimbia kwenye mstari mmoja, uso kwa uso. Akauelekezea kidole upande ule wa kioo, akacheka peke yake. "Mwezi uliopita," alisema, "hao wawili walikuwa wa timu moja, na tuliwashangilia sote."