Saa Tatu za Kumtoa Kondoo Shali

Kila Mei, kwenye viwanja vya maonyesho vya Howard County huko West Friendship, jimbo la Maryland nchini Marekani, hukutana wafugaji wa kondoo, wanunuzi wa sufu na watu waliokuja kujifunza kusokota na kufuma. Kuna shindano moja pale linalostahili kuchambuliwa. Timu ina watu watano: mnyoaji mmoja, wasokotaji watatu na mfumaji mmoja. Wanaanza na kondoo mwenye manyoya yake mwilini, na katika muda wa saa tatu shali iwe imekamilika.

Watazamaji humzingira mnyoaji. Ndiye mwenye mbwembwe, ila kazi yake ni ya dakika chache tu. Shindano linaamuliwa kwenye magurudumu ya kusokotea.

Tupige hesabu. Shali ya upana wa nusu mita na urefu wa sentimita 180, ikifumwa kwa mistari mitatu ya mshindio (uzi unaokingama) kila sentimita, inakula mistari 540, yaani uzi wa mita 270. Kila msokotaji atoe mita 90. Wakiamua kupotoa nyuzi mbili pamoja ili uzi uwe imara, kazi inakuwa maradufu, bado kupotoa kwenyewe. Mfumaji mmoja anaweza kuwamaliza wasokotaji watatu na bado akakaa akisubiri.

Mtande, yaani nyuzi za urefu, hutandwa kwenye kitanda cha kufumia kabla ya kipenga. Yupo atakayesema huo ni ujanja. Mimi naona ni haki, kwa kuwa kutanda nyuzi mamia kwa mamia kunaweza kumeza siku nzima.

Muda wa kufua haupo, hivyo sufu husokotwa ikiwa na mafuta yake. Hapo aina ya kondoo ina uzito wake. Romney ana vishungi virefu vinavyofunguka upesi kwa brashi na kuteleza vizuri vidoleni. Merino, pamoja na ulaini wake wote, ana nyuzi nyembamba zilizojaa mafuta mazito. Kumleta kwenye shindano la saa tatu ni kujitafutia balaa. Mnyoaji naye asirudishe mashine palipokwisha kukatwa. Akirudia, vinadondoka vipande vifupi vinavyojichanganya na sufu ndefu, na kila kipande kinageuka kijidonge ndani ya uzi. Msokotaji akisimama kukinyofoa, dakika zimekwenda.

Anayenunua sufu mbichi kwenye maonyesho hayo akague mambo hayohayo. Geuza manyoya, tazama upande uliokuwa ngozini kama kuna vipande vifupi. Chomoa kishungi kimoja, kishike ncha zote mbili, kiweke karibu na sikio ukivute kwa mkupuo. Sufu nzima hutoa mlio mkavu, mmoja. Ukisikia michakacho, nyuzi zinakatika: huenda kondoo aliugua au alikosa lishe mwaka ule, na udhaifu ukabaki mahali pamoja katika urefu wa unyoya.

Halafu mizani. Sufu mbichi hupimwa pamoja na mafuta na uchafu wake. Kilo tatu za Merino zinaweza kutoka majini zikiwa kilo moja na nusu, kwa hiyo gawanya bei kwa uzito utakaobaki kabla ya kuilinganisha na ya meza ya jirani.