Hararati Iendayo Chini

Miongoni mwa kazi za ujenzi katika nchi za baridi iko moja isiyosifiwa na mtu, nayo ni ya yule mhandisi akadiriaye, kabla zege halijamwagwa, kiasi cha hararati kitakachoitoroka sakafu ipashwayo kwa mabomba ya maji moto. Sakafu za namna hiyo si jambo geni: Warumi walipitisha hewa moto chini ya hamamu zao, Wakorea wangali na ondol yao, na mwaka 1937 ilikamilika mjini Madison, Wisconsin, nyumba aliyoibuni Frank Lloyd Wright kwa ajili ya Herbert Jacobs, yenye mabomba chini ya zege, katika mji ambao baridi yake huweza kupita nyuzi 20 chini ya sifuri.

Mkaaji hulifurahia joto lipandalo nyayoni. Mkadiriaji huliandama lile lishukalo ardhini, asilolihisi yeyote ingawa hulipiwa kila mwezi. Ukuta hupimwa kwa tofauti iliyopo baina ya joto la chumba na la nje, lakini sakafu hii ndiyo chemchemi yenyewe ya hararati, na kwa hiyo kipimo cha insafu ni joto la zege. Tuseme chumba kina nyuzi 20, ardhi 10, na zege 30, nalo limelala juu ya povu gumu la unene wa sentimita 5: aanzaye hesabu kwa joto la chumba ataandika upotevu wa wati 7 hivi kwa kila mita ya mraba, hali ukweli ni 14, maradufu kamili.

Tena uko ukingo, ambao kwangu ndio mahali ustadi wake unapodhihirika. Joto la katikati ya sakafu lina safari ndefu ya udongo kabla ya kuifikia hewa ya nje. La pembeni lina hatua moja tu. Ndiyo sababu fundi huyu haridhiki na eneo, bali huupima na mzingo, akijua ya kuwa nyumba iliyopinda kama herufi L, mfano wa hiyo ya Jacobs, ina ukingo mrefu kuliko ya mraba iliyo sawa nayo kwa eneo.

Chini ya zege lililokwisha kukauka hapana awezaye kutandika povu. Basi wewe ujengaye huko kwenye theluji, mpe mhandisi wako nafasi ya kuhesabu kabla hujaliita lori la zege.